Meneja wa Nyani

Dada yangu mdogo alipoitwa chuo kikuu, mama alilitangaza jambo hilo kanisani kabla ya sadaka, wakati watu bado wako macho. Alisema binti yake ameitwa kusomea usimamizi. Hakusema usimamizi wa nini. Kwetu huku, kwenye vilima vya chai juu ya Boito, ukitaja usimamizi watu huona kitu kimoja tu: nyumba ya meneja wa shamba la chai la kampuni, nyasi zake zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni, na mbwa wake anakula vizuri kuliko wachuma majani. Kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akaomba meneja wetu asije akatusahau.

Tulipotoka nje, yule mama mwenye duka la karibu na kituo cha kupimia majani chai akamshika mama mkono. Mama wa duka ni mtu wa kutoka ziwani. Mumewe aliletwa na kazi ya ukarani kiwandani, wakanunua kipande cha shamba, wakakaa, na sasa anajua habari za kila boma kuliko sisi tuliozaliwa hapa.

"Mama, usimamizi wa nini hasa?"

"Wa wanyama," mama akasema, akitazama upande wa barabara.

"Wa kufuga?"

"Wa porini."

Mama wa duka akafikiria kidogo. "Kwani hao walilalamika kwamba hawana meneja?"

Ukweli ni kwamba dada alikuwa ameomba ualimu. Kozi ya wanyamapori aliijaza mwisho kabisa, kwa sababu nafasi ilibaki na ilikuwa lazima ijazwe, na serikali kwa hekima yake ikasoma orodha kuanzia chini. Baba alisema ni makosa ambayo yatarekebishwa. Alingoja yarekebishwe mpaka dada akaingia mwaka wa pili.

Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba hii. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, mimi na mtihani tukaachana kwa amani. Yeye akaenda kusumbua wengine, mimi nikarudi nyumbani. Sijatoka tena. Watu husema eti sina maono. Nimewahi kwenda Kericho mjini kutafuta maono, nikaona watu ni wengi mno kwa mahali padogo vile, nikawahi nyumbani kabla ya chai ya saa kumi. Nachuma majani, nakama ng'ombe, nakaa. Mtu wa kukaa pia anahitajika. Wote wakienda, nani atafungua mlango wakirudi?

Basi dada akirudi likizo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusikia elimu. Alikuja na maneno makubwa: mfumo ikolojia, ushoroba, uwezo wa makazi. Siku moja alimweleza baba juu ya mgogoro baina ya binadamu na wanyamapori. Baba alisikiliza vizuri sana, mikono juu ya fimbo, kisha akasema, "Sisi hiyo tunaita kuibiwa mahindi."

Majirani nao walikuwa na matumizi yao. Mtu akiwa na ng'ombe aliyevimba tumbo, anamleta kwetu. Dada anaeleza kwamba yeye hasomei mifugo, anasomea wanyama wa porini. "Hakuna shida, mwalimu," mwenye ng'ombe anamwambia. "Wewe mtibu tu. Akipona tutamfungulia aende porini."

Mwaka wa nne ukafika, na mwaka wa nne una kitu kinaitwa mradi wa utafiti. Bila mradi hakuna kuhitimu. Wenzake walikwenda kufuata tembo na vifaru, wakapiga picha wamevaa kofia pana. Dada akaamua kuja nyumbani kutafiti ni wanyama gani wanaoharibu mahindi ya watu wanaopakana na msitu. Nilimwambia huo si utafiti, hiyo ni kuuliza jirani. Akaniambia tofauti ni kwamba yeye atauliza kwa utaratibu. Nikapewa cheo, mwongozaji wa nyanjani, na kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli, maana mvua ya huku haikosi miadi ya alasiri.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja kwa msomaji wa mbali. Kwetu Kipsigis kila ukoo una mnyama wake, tunamwita tiondo. Humuui, humli, na ukikutana naye njiani unampisha kama baba mkwe. Kuna watu wa simba, kuna watu wa tembo, kuna watu wa nyuki, na kuna ukoo uliochukua jua lenyewe, ambao huwezi kuushtaki kwa wizi ila kwa ukame. Sisi ni watu wa nyani. Sijui mababu walikuwa wanafikiria nini. Naona kama siku ya kugawana walifika wamechelewa, wakapewa kilichobaki. Walau hatukuwa wa mwisho, kwa sababu jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mzee wa rika moja na baba, ni wa nguruwe mwitu.

Wazee hawa wawili wametaniana tangu nikiwa mtoto wa kunyonya. Mahindi ya jirani yakiliwa, anasimama kwenye ukingo wa kijito na kuita, "Mzee! Ndugu zako wamepita kwangu asubuhi, hawakuaga!" Na baba anajibu, "Hao ni wako! Angalia nyayo, zina kwato!" Yule anasema nyani haoni kundule. Baba anasema mkuki kwa nguruwe mtamu. Hapo jirani hukasirika kidogo, kwa sababu methali yake inaishia kwenye kicheko na ya baba inaishia kwenye mkuki. Kisha wanakunywa chai pamoja.

Tulizunguka maboma yote, mimi na mwavuli, yeye na maswali. Kila nyumba ilitukaribisha kwa maziwa na kwa uhakika. Jirani alisema ni nyani, hakuna mjadala. Ami zangu wote wa upande wetu walisema ni nguruwe mwitu, usiku, hata kama hakuna aliyeamka kuwaona. Watu wa korongo, yule ndege mwenye taji, walisema mbegu zao hufukuliwa na paa. Watu wa paa walicheka sana na kusema paa hafukui, anayefukua ni korongo. Watu wa jua walishtaki kila kiumbe mwenye miguu. Mama wa duka peke yake hakufikiria hata kidogo.

"Nyani," akasema. "Waliingia shambani nikiwa nimesimama pale pale. Mkubwa wao akaniangalia, akaona ni mwanamke, akaendelea kuvunja. Kwetu ziwani ningesema ni kiboko, lakini kiboko hawezi kupanda huku, atapata pumu."

Baba alipoambiwa jibu hilo alitikisa kichwa kwa upole. "Huyo ni mgeni. Hawezi kujua wanyama wa huku."

Dada akapanga majibu yote, akayatuma kwa mhadhiri wake. Mhadhiri akampigia simu jioni moja tukiwa jikoni, sauti ikijaa chumba chote. Alisema amesoma. Alisema upande mmoja wa kijito mwizi ni mmoja, upande wa pili mwizi ni mwingine, na hakuna mnyama anayeheshimu kijito kiasi hicho. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wanafunzi, kama majibu hayo yalikusanywa shambani au yalipikwa chumbani. Kama yamepikwa, alisema, mwaka utarudiwa.

Dada aliweka simu chini polepole. Mama akamwongezea chai, hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Dada hakuinywa, alikuwa ametazama moto. Halafu akaniuliza, "Yule mzee wa juu, karibu na kisima, ni wa nini?"

"Wa korongo."

"Alisema mwizi ni nani?"

"Paa."

"Na wale wa paa?"

"Korongo."

Akanigeukia mzima mzima. "Na wewe nilikuuliza ukasema nguruwe mwitu."

"Ni nguruwe mwitu."

"Umewahi kumwona?"

"Huyo ni wa usiku. Nitamwona saa ngapi na mimi nalala?"

"Na nyani?"

"Nyani ninawaona kila siku."

"Wakifanya nini?"

"Wakipita."

"Wakipita wamebeba nini, brathe?"

Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa ya moto lakini nilikunywa. Mama alikuwa amegeuza uso kwenye sufuria na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Dada akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona ufa ukutani mwa nyumba aliyolala tangu utotoni. Sote tulikuwa tumemjibu kama mashahidi wa familia mahakamani. Hakuna aliyedanganya. Ni vile tu mtu hamtaji ndugu yake kwa karani.

Akarudi chuo, akaazima kamera mbili, zile ndogo za kufungwa kwenye mti ambazo hupiga picha zenyewe kitu kikipita. Moja aliifunga upande wa jirani, nyingine mwisho wa mahindi yetu, pale msitu unapoanza. Picha zilipotoka, nguruwe mwitu alikuwemo, siwezi kumsafisha, alipita usiku mara chache na kuchimbua kidogo. Lakini mchana, saa ambazo binadamu wamekwenda kupimisha majani, ilikuwa ni sherehe. Nyani waliingia na wazee, akina mama, watoto mgongoni. Katika picha moja dume kubwa lilikuwa limeketi kwenye mpaka, hindi mkononi, linaitazama kamera moja kwa moja kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Dada alimwonyesha baba picha ile. Baba akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu si wa huku," akasema.

"Baba, hilo ni shamba letu. Ule ni mti wetu."

"Shamba ni letu. Nyani si wa huku. Huyu ametoka upande wa Narok. Angalia vile anavyokaa."

Ingekuwa ni kicheko tu kama mambo yangeishia hapo. Lakini mhadhiri, baada ya kuziona picha, alifurahi mpaka akataka kuja mwenyewe. Alisema matokeo yasomwe mbele ya wananchi, kwenye baraza, yeye akiwepo, na wananchi wakubaliane la kufanya. Hapo hapo ndipo atampa alama zake. Na chifu wetu, mtu anayependa baraza kuliko chakula, akatangaza kwamba mwizi akishajulikana rasmi ataita idara ya wanyamapori waje na bunduki wapunguze.

Baba alisema neno lake kesho yake, tukiwa tumekaa kunywa uji. Lazima mjue kwamba hakuna mtu aliyeingoja mahafali ya dada kuliko baba. Alishaulizia gari. Alishatafuta koti. Kila mtu aliyepita kwetu kuazima jembe alielezwa habari za joho na kofia, na vile wazazi hukaa kwenye hema wakiitwa wageni waheshimiwa. Sasa aliongea akiangalia kikombe.

"Ukisimama mbele ya watu useme watu wetu ni wezi, waletewe bunduki kwa mdomo wa binti yangu, basi hiyo siku ya kofia utaenda na mama yako."

Baba akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

"Si useme tu ni nguruwe," mama akamnong'oneza. "Mungu anajua moyo."

"Mama, mhadhiri ana picha."

"Picha nayo inaweza kukosea. Ile ya kitambulisho changu inaonyesha mtu mwingine."

Asubuhi hiyo dada alikuja nami kuchuma majani. Alichuma kama mtu anayepigana, akang'oa majani makuukuu pamoja na mabua, mpaka nikamwambia karani wa kituo atatumwagia kapu barabarani. Mwishowe alikaa chini kati ya mistari ya chai.

"Nikisema ukweli nampoteza baba. Nikisema uongo napoteza miaka minne, na yeye vilevile hataenda, kwa sababu hakutakuwa na kofia."

Nilitaka kumpa ushauri. Nina ushauri mwingi, ni kwa vile sijautumia. Lakini sikupata hata mmoja uliofaa, nikampa hindi la kuchoma. Alilitazama hilo hindi, akanitazama mimi, tukacheka bila kutaka.

Jambo lililoumiza zaidi ni furaha ya jirani. Alikuja kwetu akiwa amevaa kofia ya Jumapili siku ya kazi. "Nimesikia binti yetu amesafisha jina letu," akamwambia baba. "Miaka yote hii watu wangu wamebeba mzigo usio wao. Nitakaa mbele kabisa." Baba akamkaribisha chai kwa sauti ya mtu anayemkaribisha daktari wa meno.

Baraza lilifanyika shule ya msingi, kwenye veranda ya darasa kwa sababu ya mvua. Mhadhiri alifika na viatu vyembamba vya mjini, akateleza getini, akashikwa na watu wa nguruwe mwitu, wakamwambia udongo wa huku humsalimia kila mgeni. Hakuna aliyepanga watu, lakini walikaa kiukoo: korongo huku, paa kule, watu wa jua wakajipa mahali pakavu. Jirani alikaa mbele kama alivyoahidi. Baba alikuja. Sikutegemea. Alikaa nyuma kabisa karibu na geti, kofia juu ya goti, namna ya mtu atakayeondoka wimbo ukianza. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mhadhiri nimtafsirie, kwa kuwa Kipsigis chake kilikuwa kimeishia kwenye salamu ya "chamgei".

Chifu aliongea mpaka mawingu yakabadilika. Ndipo dada akasimama. Picha zake zilikuwa zimekunjwa chini ya kwapa na hakuzikunjua. Nilitegemea aanze na mfumo ikolojia. Badala yake alianza kwa lugha ya nyumbani, na alianza vile anavyoanza mtu aliyetumwa na ukoo wake kwenye boma la watu waliokosewa. Akasema yeye ni binti wa nani, wa nyumba gani, na kwamba wao ni watu wa nyani.

"Nimetangulia kabla hamjatuita," akasema. "Watu wetu wameingia mashambani mwenu. Wamekula mahindi. Wamekula ya kwenu, wamekula na ya mama wa duka aliye mgeni wetu, na hilo ndilo baya zaidi. Sikuja kuwashtaki. Nimekuja kwa ajili yao, kwa kuwa wao hawana mdomo wa kusema. Mkubwa wetu yupo. Atamaliza maneno."

Akakaa chini.

Kila mtu mahali pale alielewa alichofanya, isipokuwa mhadhiri. Zamani, mtu wa ukoo wenu akimkosea mwingine, hamngojei kushtakiwa. Mnakwenda wenyewe, mdogo anafungua maneno, mkubwa anayafunga. Ukienda hivyo huwezi kufukuzwa kabla ya kusikilizwa. Lakini mkubwa naye hawezi kunyamaza. Akinyamaza, aibu ya aliyekosa inahamia kwake. Vichwa vyote viligeuka kuelekea getini.

Baba alikaa. Nilimwona akiitazama fimbo yake, kisha geti, kisha binti yake, ambaye alikuwa amekaa mgongo wima. Kisha akasimama na kuja mbele, polepole, akivaa kofia njiani kwa kuwa hawezi kuongea maneno ya ukoo kichwa wazi.

"Ni kweli," akasema. "Wamekula."

Watu walipiga kelele za kicheko mpaka watoto wa shule wakachungulia madirishani. Jirani aliruka kama aliyekalia siafu.

"Miaka yote! Miaka yote ulisema ni wangu!"

"Wako nao si malaika, mzee. Wamo kwenye picha. Usiku, bila hata taa."

"Wanapita tu!"

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema hata mimi."

Mhadhiri akanigusa ubavuni kwa kiwiko. "Wanasema nini?"

"Wanakubali matokeo."

"Mbona wanagombana?"

"Hapa tunakubali hivyo."

Chifu, kuona baraza linamponyoka, akauliza habari ya bunduki. Hapo baba akainua mkono, na sauti yake ikarudi ile ninayoijua, ya kuuza ng'ombe. Alisema mtoto wa mtu hupigwa na mzazi wake. Mtu hakatwi shingo kwa sababu ya mahindi, la sivyo nani angebaki hai mwezi wa njaa? Ukoo wa nyani utawafukuza nyani wenyewe, kila siku, mashamba yote ya mpakani, ya kila mtu.

"Nani atawafukuza?" jirani akauliza. "Wewe na hayo magoti?"

"Nina kijana nyumbani."

Nilisikia shingo zikigeuka kabla sijaona nyuso.

"Yule asiyetoka?"

"Huyo huyo," baba akasema. "Mtu wa kutoka angefaa kwa kazi gani hapa?"

Nilitafuta neno la kujitetea kwa lugha tatu. Dada alikuwa tayari amekunjua picha zake na anamweleza mhadhiri kwa Kiswahili safi kwamba alichokishuhudia kinaitwa ulinzi shirikishi wa jamii unaojengwa juu ya mila. Mhadhiri alikuwa akiandika kwa furaha, viatu vimejaa matope. Alama alizompa hazikutamkwa pale, lakini alimshika mkono mara mbili, na jirani naye akamshika, kisha akamshika baba, kisha akaulizia chai.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika usimamizi wa wanyamapori bila kuitwa na chuo chochote. Mwenzangu ana shahada, mimi nina debe la kugonga na kombeo. Asubuhi niko kwenye ukingo wa msitu na thermosi ya chai. Wafanyakazi wangu hukaa mitini na kunisoma. Wana mmoja wao ambaye kazi yake ni kunitazama mimi tu, nikienda upande huu anawaambia wenzake wahamie ule, na nina hakika akijaza ripoti yake itakuwa nzuri kuliko yangu. Wanajua ninapopata usingizi. Wanajua gambuti langu la kushoto lina tundu na sipendi kukimbia kwenye maji. Mama wa duka hupita akienda kufungua duka na kupaza sauti, "Meneja, habari ya kazi?" Mama yangu naye kanisani hakuwahi kusahihisha neno lake. Husema tu ana mameneja wawili.

Mahafali yaliangukia wakati mahindi yamekuwa laini, kwa hiyo sikwenda. Waliondoka alfajiri, mama na kitambaa kipya, jirani kwenye kiti cha mbele kwa kuwa ni mtu aliyeathirika, na baba katika koti lake. Mimi nilibaki kwenye kituo changu cha kazi.

Simu ililia karibu na adhuhuri. Kulikuwa na ngoma na vigelegele upande wa pili, na baba alikuwa anapiga kelele kama vile sauti yake inapaswa kufika Boito bila msaada wa simu.

"Amevaa kofia!" akasema. "Imemkaa upande, lakini ameivaa! Tuko hemani. Wametupa soda."

"Mpe hongera, baba."

"Nitampa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wao, wamekuja?"

"Wako juu ya mti. Wananitazama."

"Wote?"

"Karibu wote. Yule mkubwa yupo."

"Waambie," baba akasema. "Waambie mtoto wetu amemaliza."

Simu ikakatika. Niliangalia njia ya dukani, nikaangalia upande wa kijito, nisije nikaonekana na mtu. Hakukuwa na mtu. Nikavaa kofia, nikawaambia.